Siku sita barabarani na deli la chanjo: Mikindani, Lindi, Mtama, Ndanda, Newala, Tandahimba

Kumbukumbu hizi tumeziandika baada ya kurudi Mtwara mjini, kutoka kwenye daftari la chanjo, risiti na picha za simu. Safari ilikuwa ya Juni. Tulikuwa watu wanne ndani ya pikapu ya kukodi: daktari wa mifugo, wachanjaji wawili na dereva. Fedha zilitoka kwa wachangiaji wa kawaida, wengi wao wa shilingi 5,000 na 10,000. Kazi yenyewe ilikuwa kuchanja mbwa na paka dhidi ya kichaa cha mbwa na, pale muda uliporuhusu, kutibu upele.

Anayechangia wanyama huuliza kwanza pesa yake inafika wapi. Huwa anaiona kichwani mwake ikiwa chupa ya dawa. Ukweli ni kwamba sehemu kubwa inaishia kwenye barafu, kamba, mafuta, na bodaboda ya kutangaza kijijini. Vitu hivyo visipokuwepo, chupa inabaki chupa. Kwa hiyo gharama zote tumeziweka wazi.

Alhamisi: Mtwara mjini, maandalizi

Siku nzima ilikwenda kwenye makaratasi na barafu. Barua kwa halmashauri zote tulizopanga kupita zilikuwa zimetangulia wiki tatu kabla, nazo ndizo zilizotupa maafisa mifugo wa kata na watendaji wa vijiji. Usiingie kijijini na sindano bila wao. Sheria ya Veterinari ya mwaka 2003 inataka kazi hii ifanywe au isimamiwe na mtaalamu aliyesajiliwa. Zaidi ya sheria, afisa mifugo ndiye anayejua mbwa yupi wa nani.

Chanjo tulinunua chupa 60 za dozi 10, kila chupa shilingi 18,000, jumla 1,080,000. Kabla ya kulipa tulisoma namba ya toleo na tarehe ya mwisho wa matumizi, tukaziandika kwenye risiti na kwenye daftari. Mabomba ya sindano ya mililita 2 yalikuwa maboksi saba ya mia mia kwa 84,000. Kadi 600 za chanjo zikachapishwa kwa 90,000. Kamba, mikanda na rangi ya kuweka alama mifugo ikawa 60,000.

Kwa ndugu walio nje wanaotaka kusaidia: tumeni fedha, msitume dawa. Dawa na chanjo za mifugo ziko chini ya Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba kama zilivyo za binadamu, na sanduku la dawa lisilo na kibali litakaa forodhani mpaka lichine. Dawa zilizobakiza miezi miwili hazimsaidii mtu huku. Mkanda wa mbwa uliotumika, taulo kuukuu, glovu ambazo hazijafunguliwa, hivyo vinafaa.

Deli, yaani sanduku letu la kutunzia baridi, tulilipanga hivi: barafu chini, juu yake katoni iliyokatwa, halafu chupa ndani ya mfuko wa plastiki uliofungwa, kipimajoto katikati ya chupa, katoni nyingine, barafu tena. Joto linatakiwa libaki kati ya nyuzi 2 na 8. Katoni ndiyo inayozuia chupa zisigusane na barafu, maana chanjo ya aina hii, ya virusi vilivyouawa, inaharibiwa na kuganda upesi kuliko inavyoharibiwa na joto la saa chache. Wengi wanaogopa jua tu.

Wote wanne tulikuwa tumeshachomwa chanjo ya binadamu ya kujikinga, dozi mbili, ya pili siku ya saba baada ya ya kwanza. Dereva naye alichomwa, kwa sababu kwenye kazi hii huyo naye hushika kamba.

Ijumaa: Mikindani, kisha Lindi

Kilomita kumi hivi kutoka mjini. Tulifika saa moja asubuhi kwa sababu ya swala ya Ijumaa. Kazi ilipaswa kufungwa saa tano na nusu. Kituo tuliweka chini ya mwembe, mbali na njia ya madrasa.

Pwani ina mbwa wachache na paka wengi, hasa panapouzwa samaki. Paka naye hupata kichaa na huuma vibaya, kwa hiyo dozi ni ile ile, mililita 1. Ushikaji ndio unaobadilika. Paka akishikwa shingoni mbele ya umati atakuchana mpaka kiwiko. Tuliwaomba watu waje na foronya au kiroba cha nyuzi kinachopitisha hewa: paka anaingia mzima, unapapasa begani, unachoma juu ya kitambaa. Sekunde tano.

Kuhusu mbwa pwani kuna jambo la adabu ambalo mashirika mengi hulikosea. Wengi hapa wanafuga mbwa wa kulinda, lakini mate yake ni najisi, na mtu akiguswa inambidi aoshe mara saba, mojawapo kwa udongo. Kumwambia "mshike tu, hana neno" ni kumvunjia heshima. Tuliweka ndoo mbili za maji, sabuni na beseni la udongo safi pembeni, na kamba ndefu ya mita mbili ili mwenye mbwa amlete bila kumkumbatia. Wazee wawili waliokuwa wamesimama mbali wakaja na mbwa wao baada ya kuliona lile beseni. Mmoja alisema, "Kumbe mnatujua."

Mbwa 31, paka 46. Saa tano na dakika ishirini tukafunga. Mama mmoja mwenye kibanda cha pweza alikataa malipo ya chai na mihogo ya watu wanne: "Mmetuchanjia paka wa soko, chai itawashinda nini?"

Barabara ya lami kwenda Lindi kupitia Mingoyo haina la kusimulia, isipokuwa stendi ya Mingoyo yenyewe. Kuku hufungwa miguu na kuning'inizwa vichwa chini kwenye baiskeli, saa nzima na zaidi. Kuku hana kiwambo kama cha binadamu cha kutenga kifua na tumbo. Akining'inia, matumbo yanalalia mapafu na anapumua kwa shida. Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008 inawahusu kuku pia. Tiba yake ni tenga la makuti au fito. Kuku wakae bila kubanana, mdomo wa tenga ufunikwe kwa wavu. Mfanyabiashara tuliyezungumza naye alieleza vizuri kwa nini hatumii: tenga tupu linachukua nafasi wakati wa kurudi na kondakta analilipisha kama mzigo. Shirika linalotaka kusaidia kuku wa kusini linaweza kuanza hapo hapo: tenga zinazoingiana moja ndani ya nyingine, na mazungumzo na makondakta. Mabango hayatabeba tenga.

Jumamosi: Lindi mjini

Usiku umeme ulikatika. Nyumba ya kulala wageni ilikuwa na friji lakini haikuwa na jenereta. Kijana wa mapokezi akatupeleka kwa jirani yake mwuza samaki mwenye friza na jenereta, saa nne ya usiku, na yule baba akatupokea bila swali. Tulimwomba atugandishie barafu na atuwekee deli sebuleni. Kwa wema wake akaona deli limeanza kupata joto, akahamisha chupa mbili za juu akaziweka ndani ya friza. Asubuhi zilikuwa zimeganda kama jiwe.

Chanjo iliyoganda hairudishwi kwa kuyeyushwa. Sura yake inaweza kuonekana sawa, au ikawa na vipande vinavyotuama haraka chini, lakini nguvu haipo, na hakuna namna ya kumwambia mbwa aliyechanjwa kwa maji. Dozi 20 tukaziandika kwenye daftari kama zilizotupwa. Kosa lilikuwa letu: hatukubandika maandishi kwenye deli. Tangu siku hiyo juu ya kifuniko kuna karatasi yenye herufi kubwa: USIGANDISHE. USIFUNGUE. Mwuza samaki alikataa kulipwa umeme, tukanunua kwake samaki wa 15,000 na kumwachia kadi ya chanjo ya mbwa wake.

Kwa atakayekosa friji vijijini: chanjo nzuri za kichaa cha mbwa zinavumilia kuliko maelezo ya boksi yanavyosema. Utafiti uliofanywa Tanzania na kuchapishwa mwaka 2016 uliilinganisha chanjo ya Nobivac iliyokaa kwenye nyuzi 25 kwa miezi sita, au nyuzi 37 kwa miezi mitatu, na ile iliyotunzwa kwenye baridi, na mbwa waliitikia sawasawa. Usichukue hilo kuwa ruhusa ya kuacha deli juani, wala usiamini kwamba kila toleo liko hivyo. Ila ukipatwa na saa tatu za joto la nyuzi 20, usimwage chupa kwa hofu.

Kazi ya mchana mjini ilikuwa ndogo: wanyama 58, wengi paka. Tangazo la bodaboda yenye spika lilipita mara moja tu, saa tatu asubuhi, watu wakiwa sokoni. Tangu hapo tulilipa mizunguko miwili, jioni ya kabla na alfajiri ya siku yenyewe. Shilingi 15,000 kwa kituo, na hakuna matumizi mengine yaliyoleta mbwa wengi zaidi kwa kila shilingi.

Jumapili: kijiji nje ya Mtama

Hii ndiyo siku iliyotufundisha mengi. Ibada ya kanisani ilimalizika saa tano. Wachelewaji wakaja na mbwa wakiwa bado na nguo za kanisani. Mpaka saa tisa walikuwa 112.

Mpangilio wa kituo cha mbwa wengi ni huu. Kivuli kirefu. Njia ya kuingilia na ya kutokea ziwe tofauti. Mbwa wanaorudi wakikutana uso kwa uso na wanaokuja, ugomvi hauna budi kuzuka. Chora mistari ardhini kwa jivu, kila mita tatu mbwa mmoja. Watoto ndio huleta mbwa wengi kwa sababu mbwa wanawasikiliza, lakini chini ya miaka kumi asiingie na mbwa mpaka kwenye meza. Mgambo anampokea kamba. Mwenye mbwa anasimama upande wa kichwa, anamwongelesha. Mchanjaji anatokea ubavuni, asije mbele.

Mbwa mkali afungwe mdomo kwa bendeji: kitanzi juu ya pua, kikaze, pindua mara moja chini ya kidevu, fungia kisogoni nyuma ya masikio. Usimwache hivyo zaidi ya dakika mbili kwenye joto, kwa kuwa mbwa anapoa kwa kuhema.

Sindano ni chini ya ngozi nyuma ya bega. Inua ngozi kama hema, ingiza kwenye shina la hema, sukuma. Kisha pitisha kidole upande wa pili: manyoya yakiwa yamelowa, sindano ilitokeza na dozi imeishia nje. Rudia. Hili hutokea zaidi kwa mbwa waliokonda na kwa wachanjaji wenye haraka, na huwezi kulijua usipogusa. Sindano moja, mbwa mmoja, kisha moja kwa moja kwenye boksi la usalama bila kurudishia kifuniko. Watoto wa mbwa nao wanachanjwa, wa umri wowote, na majina yao yanaandikwa ukurasa wa nyuma ili warudiwe wakifika miezi mitatu. Alama ya rangi mgongoni inakaa siku kadhaa. Tuliacha kutumia utepe shingoni kwa watoto wa mbwa: wanakua, utepe haukui.

Mwenyekiti wa kijiji, mzee mpole, aliuliza mbele ya watu wote: "Kwa nini msiwaue hawa wazururaji, mkamaliza kazi?" Swali la haki, kwa sababu sumu imeshawahi kutumika sehemu nyingi. Daktari alimjibu taratibu. Mbwa tunaowaita koko, wengi wana mwenyewe. Wanazurura kwa sababu hakuna uzio. Ukiwaua leo, kesho watu wanaleta wengine kutoka kijiji cha jirani, wachanga, wasiochanjwa, na pamoja na wagonjwa umewaua waliokuwa na kinga. Nyama yenye sumu inaliwa pia na kuku, mwewe na nguruwe wa mtu. Kijiji kikiwa na mbwa saba katika kila kumi waliochanjwa, kichaa kinakosa pa kupita. Mzee akafikiri, akasema, "Basi alama hiyo ya rangi iwe ndiyo kitambulisho. Asiyekuwa nayo mwenyewe aje kwangu." Wiki moja ya mabango isingetupatia kauli hiyo.

Wazee waliwakumbuka wachanjaji wa zamani. Miaka ya 2010 Lindi na Mtwara zilikuwa ndani ya mradi wa majaribio wa Shirika la Afya Duniani wa kutokomeza kichaa cha mbwa kusini mashariki mwa Tanzania na Pemba. Mbwa wa wakati ule wamekufa zamani. Wanaozaliwa ni wengi na maisha yao mafupi, kwa hiyo kinga ya kijiji inayeyuka ndani ya mwaka au miwili. Shirika linalokuja mara moja, likapiga picha, likaondoka, limewakinga mbwa wa mwaka ule tu. Ukiwa na 100,000 ya kuchangia, heri uigawe 25,000 kwa miaka minne kijiji kile kile.

Chakula cha jioni: ugali wa muhogo, kisamvu na samaki mkavu, shilingi 3,000 sahani. Tukalala Nyangao.

Jumatatu: kuhesabu, kisha Ndanda

Saa kumi na mbili asubuhi tulirudi kijijini bila deli. Watu wawili, njia mbili, mwendo wa miguu saa moja na nusu, kuhesabu kila mbwa aliyeonekana na kama ana rangi. Tuliona 43, wenye alama 34. Asilimia 79. Hesabu hii ndiyo ambayo mchangiaji anapaswa kuidai kwa shirika lolote. Idadi ya waliochanjwa peke yake haisemi kitu mpaka ijulikane imetoka katika mbwa wangapi. Isifanyike baada ya siku tatu, rangi inafifia. Isifanyike mchana, mbwa wamelala uvunguni.

Barabarani kuelekea Ndanda tulinunua ming'oko (viazi vya porini) iliyochemshwa, fungu shilingi 1,000, kwa chumvi.

Ndanda na vijiji vya jirani: 96. Hapa upele ulikuwa mwingi, na hapa tuliona madhara ya dawa ya mifugo kupimwa kwa macho. Ivamektini ya asilimia 1, ile ya ng'ombe tuliyotibia upele, ni mililita 1 kwa kilo 50. Mbwa wa kilo 10 anahitaji mililita 0.2, yaani matone machache kwenye bomba la mililita 1. Mtu anayemchoma mbwa huyo "nusu bomba" la mililita 2 amempa dozi mara tano. Mbwa anayumba, mboni zinatanuka, anaweza kuzimia. Tulimpima kila mbwa kwa mizani ya kuning'iniza ya magunia na kitenge, hatukuwachoma watoto wa chini ya wiki sita, na wenye mbwa waliambiwa dozi ya pili ni baada ya wiki mbili kupitia afisa mifugo. Upele mwingine unatoka kwa utapiamlo. Mbwa anayekula pumba tupu hataota manyoya kwa sindano.

Baba mmoja alisimulia kwamba mbwa wa jirani "amekwamwa na mfupa", mdomo wazi, mate yanatiririka, hawezi kumeza. Daktari akamkatiza: je, kuna aliyeingiza mkono? Hakuna, asante Mungu. Taya lililolegea na mate ni sura mojawapo ya kichaa, ile ya kimya, isiyouma watu ovyo, na mkono unaokwenda kuutafuta mfupa ndio unaoambukizwa. Afisa mifugo alienda siku hiyo hiyo.

Masasi tuliingia jua likizama nyuma ya majabali yake. Kitanda 20,000.

Jumanne: Newala

Kupanda uwanda wa Wamakonde ni vumbi, kona, na matengenezo ya barabara. Kilomita 70 hivi zilichukua karibu saa tatu. Tafuta dereva anayeijua njia na ufunge deli kwa kamba, maana chupa zikigongana siku nzima mojawapo itapasuka.

Juni ni wakati wa kupuliza salfa kwenye mikorosho dhidi ya ubwiriunga. Upulizaji unafanyika usiku wa manane mpaka alfajiri, umande ukiwepo, hivyo saa tatu asubuhi watu wamelala. Kituo tukakifungua saa sita na kikajaa. Mbwa walioshinda mashambani walikuwa na macho mekundu kwa vumbi la salfa. Yanaoshwa kwa maji safi mengi, bila dawa yoyote ya macho ya binadamu. Jambo kubwa zaidi: makopo ya viuatilifu yasigeuzwe vyombo vya maji vya mbwa. Huku maji ni ya shida na kopo ni mali, tunaelewa, kwa hiyo tuliacha ndoo kuukuu kumi zilizotolewa na mchangiaji mmoja wa Mtwara. Katika vifaa vyote tulivyobeba, ndoo hizo ndizo zilizoshukuriwa zaidi.

Wanyama 141, siku kubwa kuliko zote, na ndiyo siku mambo yalipoharibika. Msongamano ulikula ile nafasi ya mita tatu. Mbwa wawili wakavaana, mtoto wa kiume wa miaka kama kumi na mbili akajaribu kuvuta kamba, akaumwa mkononi. Jeraha dogo, lakini damu ilitoka, na mbwa mwenyewe alikuwa ndiyo kwanza anasubiri chanjo. Hata kama angekuwa ameshachomwa dakika hiyo, kinga inachukua wiki tatu hadi nne.

Jeraha lilioshwa kwa maji yanayotiririka na sabuni dakika 15 kamili, kwa saa. Halikufungwa kwa kitambaa, halikupakwa mafuta ya taa wala pilipili. Kisha hospitali na bibi yake, kwa bodaboda, siku ile ile. Ratiba aliyopewa ni siku ya 0, ya 3 na ya 7. Mbwa amefungwa kwa mwenyewe na anaangaliwa siku kumi. Akiwa mzima baada ya hapo, hakuwa anaambukiza alipouma. Gharama tulilipa kutoka fungu la dharura la 150,000 tulilotenga mbali na bajeti, na karibu lote likaisha. Shirika lisilo na fungu hilo lisikusanye mbwa. Bibi hakutulaumu, na alitupa mfuko wa korosho. Sisi tulijilaumu: mgambo wawili kwa wanyama 141 hawatoshi, walihitajika wanne.

Jumatano: Newala, Tandahimba, nyumbani

Hesabu ya alfajiri ilikuwa mbwa 38, wenye rangi 24. Asilimia 63, chini ya saba kwa kumi. Sababu ilionekana kwa macho. Wasio na alama walikuwa wote upande wa kitongoji kimoja cha mbali, ambako bodaboda ya matangazo haikufika kwa mchanga, na mbwa wake wanalinda mihogo dhidi ya nguruwe pori mpaka jioni. Tukaenda mlango kwa mlango na balozi wa kitongoji. Saa mbili na nusu, mbwa 26. Kazi ya mlango kwa mlango ni ya polepole na ya ghali, lakini ndiyo inayoziba shimo ambalo kituo hakiwezi kuliziba.

Kabla ya kuondoka tulisimama dakika tano Shimo la Mungu, ukingoni mwa uwanda, mto Ruvuma chini kule na Msumbiji ng'ambo. Tandahimba tulichanja 31 na kuacha mpango wa kuku kwa afisa mifugo: chanjo ya kideri ya I-2, tone moja jichoni, kurudia kila miezi minne, kuku wote wa kijiji siku moja jioni wakiwa bandani. Kinamama wa pale ndio walioomba.

Mtwara saa mbili usiku. Hesabu ya mwisho: wanyama 541. Chupa 57 zilifunguliwa, na dozi 29 zilizobaki ndani yake zikatupwa jioni za siku zao, kwa kuwa chupa iliyofunguliwa hailali. Chupa 2 ziliganda, chupa 1 imerudi friji ya ofisi ya mifugo. Fedha bila fungu la dharura: chanjo 1,080,000, gari siku sita 720,000, mafuta 310,000, kulala 400,000, chakula 240,000, posho za wasaidizi 140,000, kadi 90,000, matangazo 90,000, mabomba ya sindano 84,000, barafu 60,000, kamba, mikanda na rangi 60,000. Jumla 3,274,000, karibu 6,050 kwa kila mnyama. Chanjo yenyewe ni theluthi moja. Shirika likikuambia shilingi 1,800 inamkinga mbwa mmoja, liulize nani analipia barafu.

Maboksi ya usalama matano yamepelekwa kuchomwa kwenye tanuri la taka za hospitali. Kwenye ukurasa wa nyuma wa daftari kuna watoto wa mbwa 64, kwa kijiji na jina la mwenye nyumba, wanaotakiwa kurudiwa Septemba, kabla mikorosho haijaanza kuangusha na watu hawajahamia mashambani.